Chama chetu kinaweza kupata mafunzo ya presha na sukari?

Dada, umeuliza kama watu wa afya wa kaunti ya Kilifi wanaweza kuja kufundisha chama chenu, na kama mtatozwa pesa. Wanaweza, na hampaswi kulipa chochote.

Anza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwenu. Tangu Septemba 2023 serikali imewagawia wahudumu hawa mikoba yenye mashine ya kupima presha na ya sukari, kwa hiyo somo liende pamoja na vipimo. Kama humjui, muulize mzee wa mtaa au nenda zahanati ya karibu.

Msiombe "elimu ya afya" tu, mtahubiriwa mambo mengi kwa saa moja na hakuna litakalobaki. Chagueni jambo moja; mimi ningeanza na presha, maana mtu huishi nayo miaka bila dalili. Atakayepimwa 140/90 au zaidi asitiwe hofu hapo hapo: arudie kipimo siku nyingine, zahanati. Na anayemeza dawa tayari aambiwe wazi asiziache kwa sababu kipimo kimekuwa kizuri. Tafadhali waiteni na waume zenu, hao ndio hawapimi kabisa.