Kabla hujatoboa ukuta kupeleka reli chumba cha pili

Jumamosi iliyopita msomaji mmoja, anayejenga reli ndogo ya mfano nyumbani kama mimi, aliniandikia: "Kaka, reli yangu imejaza chumba. Nataka kutoboa ukuta niendelee cha pili. Nianzie wapi?" Ujumbe ulinikuta siku ileile treni yangu ilipovuka ukuta na kurudi bila kukwama, baada ya miezi kumi na minne ya kuhangaika. Basi mdogo wangu, nakujibu hapa ili na wengine wasome.

Reli yangu ni mfano wa stesheni ya Voi, Kenya. Marehemu baba alifanya kazi stesheni pale. Mimi naishi Manchester, si mbali na Gorton, kilipokuwa kiwanda cha Beyer, Peacock kilichounda zile injini kubwa za mvuke 34 aina ya Garratt, daraja la 59, zilizopelekwa kwetu Afrika Mashariki miaka ya 1955 na 1956. Ya kwangu ni mfano wa mojawapo, iitwayo Mount Gelai. Yenyewe halisi imesimama kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Natumia njia ya upana wa milimita 12, inayouzwa kwa ajili ya treni za mfano za milimani za Uswisi, maana reli halisi za kule nazo zina upana wa mita moja kama zetu.

Sasa, Voi bila tawi la reli liendalo Taveta si Voi. Waingereza walilijenga wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kupitia Maktau, likaja kuungana na reli ya Wajerumani pale Kahe. Chumba kilikuwa kimejaa. Stesheni ya Maktau ilibidi iwe ng'ambo ya ukuta, na ng'ambo ya ukuta ndipo mke wangu anaposhonea.

Nilitoboa kwanza, nikaomba baadaye. Nilihakikisha hakuna waya wala bomba mle ndani, na kwamba ukuta haubebi uzito wa nyumba. Mwenye chumba sikumuuliza. Vumbi la matofali liliingia kwenye gauni la harusi la mteja wake. Hakugomba. Alifunika cherehani kwa shuka, akashuka ngazi, na kwa siku nne hatukuzidi salamu. Ndugu zangu, chumba cha pili kina mwenyewe. Omba kabla ya kushika drili.

Kosa lililofuata lilikuwa la sakafu. Nilikata miguu ya meza zote iwe na urefu wa sentimita 110, kumbe sakafu ya chumba kile iko chini kwa sentimita 3. Kwa macho huoni. Reli ikashuka sentimita 3 ndani ya sentimita 60, yaani asilimia 5. Treni ikirudi na mabehewa manane, magurudumu yanazunguka palepale na mota inaanza kunuka.

Wenzangu wa klabu ya reli za mfano walikuja kutazama wakati huo. Mzee mmoja aliiangalia injini ikiteleza, akaniuliza kwa nini nisijenge reli ya Uingereza kama wengine, kila kitu kipo dukani. Mwaka umepita na neno lile bado linaniuma. Msikubali kuambiwa hivyo. Stesheni aliyofanyia kazi baba yako inastahili kujengwa kwa uangalifu uleule wanaoupa za kwao.

Dawa ya ule mteremko niliitoa kwa mafundi wa nyumbani: mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umejazwa maji. Ncha moja niliifunga Voi, nyingine nikaipitisha tunduni hadi Maktau. Maji yakatulia, nikapiga alama ya penseli pande zote mbili, nikaongeza vipande vya mbao chini ya miguu ya meza. Tangu hapo sipimi kutoka sakafuni, napima kutoka juu ya reli. Ukilazimika kuweka mteremko, usizidi asilimia 2. Na ndani ya tundu reli inyooke, isiwe na kiungio, kwa sababu mkono hautafika kukirekebisha.

Kuhusu umeme: nilitegemea viungio vya reli viufikishe, na treni ikawa inazimia Maktau. Vuta waya mbili nene chini ya meza, kisha kila kipande cha reli ukilehemie waya wake mwembamba. Halafu laza sarafu juu ya reli zote mbili, mwisho kabisa wa njia. Umeme usipokatika papo hapo, usiendeshe kitu. Shoti isiyokata umeme huyeyusha behewa. Na pima tena. Na kama hujaomba, kaombe.

Milima na nyasi nairuka, kila mtu ana mkono wake.

Jumamosi mke wangu alikuwa kwenye cherehani treni ilipotokeza. Mkasi wake ulikuwa juu ya ubao, karibu na njia. Aliunyanyua, akasubiri behewa la mwisho lipite, akaendelea kushona.