Mhusika wa Kuazima

SWALI: Mwalimu, salamu. Nimepata kazi ya kuandikia kipindi cha televisheni kilichoanza kabla sijamaliza shule. Wahusika wapo, mtaa upo, hata kicheko cha mama mkwe kimeelezwa katika daftari nililokabidhiwa. Nyumbani nina riwaya nusu, ya mvuvi wa omena wa Dunga. Rafiki zangu wanasema kuandikia hadithi ya wenyewe huua kalamu. Ni kweli?
Msomaji, Nyalenda, Kisumu

JIBU: Salamu nimezipokea, kijana. Hao rafiki, kodi wanakulipia?

Timothy Zahn wa Marekani alipata tuzo ya Hugo, ya hadithi za kisayansi, mwaka 1984 kwa hadithi aliyoibuni mwenyewe. Mwaka 1991 akaingia kwa riwaya katika ulimwengu wa filamu za Star Wars, usio wake, akamzaa humo adui aitwaye Thrawn, na mashabiki wakampenda kupita kiasi. Kalamu haikufa. Ila mwaka 2014 wenye Star Wars walitangaza kuwa riwaya zile za zamani hazimo tena katika hadithi rasmi. Thrawn alirudi 2016, kwa ruhusa yao.

Kurudia mhusika si kosa, maana Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar alimrudia mpelelezi wake, Bwana Msa, kitabu baada ya kitabu. Lakini Bwana Msa alikuwa wake, pamoja na kiko chake cha tumbaku na yote.

Mimi hapa Nakuru niliandikia mchezo wa redio miaka mitatu. Ndiko nilikojifunza kufupisha mazungumzo, na kumaliza kazi Alhamisi hata nikiwa na malaria. Kulikuwa na mama muuza makaa asiye na la kusema. Nikampa ulimi wa marehemu nyanya yangu wa Kakamega, aliyekuwa akiulizwa swali asilolipenda anakusalimia upya, kana kwamba ndio kwanza umefika. Wasikilizaji walimpenda mno! Msimu uliofuata mwandishi mwingine akampandisha basi la Busia, na hadi leo hajarudi. Nilipotaka kumtia katika riwaya yangu, nikaonyeshwa mkataba: kila neno lilikuwa la stesheni.

Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 nayo huhesabu kazi iliyoagizwa kuwa ya aliyeagiza, msipokubaliana vingine. Basi kazi ichukue, lakini kabla ya kutia sahihi uliza mhusika utakayembuni wewe atakuwa wa nani. Jibu liandikwe.

Na wakitaka mvuvi, watungie wa ngege. Huyo wa omena na karabai yake mwache nyumbani.