Kisu cha mauaji: maleba au kifaa?

SWALI: Kikundi chetu cha maigizo hapa Moshi kinaandaa mchezo wa mauaji yanayotokea gesti, jirani na stendi. Kwenye mswada, chini ya neno "Maleba", nimeorodhesha kitanda, pazia lenye damu, kisu, koti refu la mpelelezi, pamoja na shuka na sime ya mlinzi. Mwenzangu anasema nimevuruga. Ananikosoa pia kwa kuandika "ameuawa na kisu". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako. Ila najua ulikoanzia. Kwenye fasihi simulizi wako wanaotaja maleba wakajumlisha hadi usinga na fimbo ya fanani, yaani msanii anayesimulia, basi mwanafunzi anatoka darasani akiamini kila kilichopo jukwaani ni maleba. Katika mswada wa mchezo, maleba ni kinachovaliwa. Kitanda na pazia ni mandhari, kisu ni kifaa. Watu wa filamu husema "seti" na "propsi", siwagombezi.

Utamu uko kwenye sime. Mlinzi wa Kimaasai akiwa amekaa getini, shuka begani na sime kiunoni, hiyo sime ni sehemu ya maleba, na anayemvalisha ndiye anayeishughulikia. Siku atakapoichomoa kwenye ala mbele ya watazamaji, imekuwa kifaa: mtu wa vifaa lazima ajue kama imefanywa butu na nani ataipokea mchezaji akitoka. Kwa hiyo iandike kote kuwili.

"Pazia lenye damu" halimsaidii fundi wa jukwaa. Ni matone? Limelowa? Andika "pazia lina michirizi ya damu iliyokauka", na mtazamaji atang'amua kwamba mauaji si ya sasa hivi, kabla mpelelezi hajafungua mdomo. Na hilo koti refu, kwa joto la Moshi la Januari, limetoka kwenye filamu za watu. Andika "amevaa kiraia", yatosha.

Sasa kisu. "Na" humtaja mtenda: ameuawa na mumewe. Chombo hutajwa kwa "kwa": ameuawa kwa kisu. Tunasema "amegongwa na bodaboda" na "amepigwa na radi" kwa sababu hivyo tunavichukulia kama vinatenda vyenyewe, kisu hakijiendei. Hata hivyo, mhudumu wa gesti anayetoka chumbani mbio usimpe "kwa" wala "na". Atapiga yowe, "Kachomwa kisu!", kama tusemavyo kapigwa risasi, kakatwa panga. Hiyo "kwa" mwekee afande anapozungumza na waandishi wa habari: "Marehemu alichomwa kwa kitu chenye ncha kali." Magazeti huandika mara nyingi "na kitu chenye ncha kali", na hilo ni kosa lako lilelile, isipokuwa lao limeshachapwa.