Falsafa ni nini, na baba utamjibu nini

Mdogo wangu, umeuliza falsafa ni nini hasa, na umjibu nini baba anayesema umechagua kozi ya kupiga soga.

Neno lina asili ya Kigiriki, maana yake kupenda hekima. Lakini tuanzie hapa kwetu. Asubuhi kituoni Mwenge, konda anamzuia mwanafunzi mlangoni kwa sababu ya nauli yake pungufu. Abiria anafoka: "Hiyo si haki!" Konda naye: "Na hesabu ya tajiri nitaitoa wapi?" Wote wawili wanadai haki. Sasa haki ni nini? Ukiling'ang'ania swali hilo, ukapima kila jibu kwa hoja, umeshaanza falsafa. Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliwahoji watu wa mji wake wa Athens vivyo hivyo, na mwaka 399 KK wakamhukumu kifo, akanyweshwa sumu.

Kuhusu ajira sikufichi: tangazo la "anatafutwa mwanafalsafa" hutaliona. Ila kuchambua hoja kunahitajika kwenye sheria, uandishi wa habari, ualimu. Mimi niliisoma na sijutii hata siku moja.

Leo jioni kaa na mzee, muulize kazi nzuri kwake ni ipi, na kwa nini. Msikilize mpaka amalize.