Re: Hilux ya zamani kama gari la akiba

Habari ndugu. Umeuliza kama Hilux ya miaka ya 90 yenye injini ya 3L inafaa kuwa gari la akiba, na unaogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Inafaa sana. Yangu ina mwaka wa sita. 3L ni dizeli ya lita 2.8 isiyo na tabo (turbo), fundi yeyote wa mtaani anaijua.

Kabla ya kufungua boneti, ingia uvunguni. Injini nyingine utapata, lakini chasisi iliyooza ni mzigo. Igonge kwa nyundo ndogo, hasa nyuma karibu na springi, maana wengi huficha kutu kwa rangi nyeusi.

Muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukikuta boneti ina moto, rudi kesho. Ikiwa imepoa, fungua rejeta, iwashe, tazama maji. Mapovu yakitoka mfululizo, gasketi imekufa au silinda hedi imepasuka. Mimi niliruka hatua hii, mwezi wa pili nikanunua hedi. Iliniuma mno.

Mkanda wa taimingi ubadilishe mara tu ukinunua, hata akikuapia ni mpya.

Linganisha namba za chasisi na injini na zilizo kwenye kadi ya gari, mkahakiki TRA (mamlaka ya mapato) ndipo utoe hela.

Ukishaichukua, iendeshe walau mara moja kwa wiki hadi ipate moto. Gari la akiba huuawa na kusimama.

Za petroli sijawahi kumiliki, wenzangu watakusaidia.