Nimekwaruzwa na tuktuk: je, niendeshe kama wao?

SWALI: Mwalimu, salamu. Natoka Bujumbura, na huu ni mwezi wa tatu tangu nihamie Mombasa kufanya kazi katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Nyumbani nimeendesha gari miaka tisa bila mkwaruzo. Hapa nakaa Bamburi, na kila asubuhi napita Bombolulu, Kongowea, Daraja la Nyali na Buxton hadi Shimanzi. Nikiacha nafasi mbele yangu, tuktuk inaingia. Nikiifunga, naogopa kumgonga wa mbele. Wengine wananipigia fulu, zile taa kali za mbele, na sijui wananipisha au wananitisha. Wiki iliyopita nilikuwa napinda kushoto kuingia kituo cha petroli. Nilitazama kioo vizuri na indiketa niliwasha, lakini tuktuk ikanikwaruza mlango wa nyuma wa kushoto, na dereva wake akanifokea mbele za watu. Wenzangu kazini wanasema nitazoea nikianza kuendesha kama wao. Ni kweli?

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa mlango na kwa kufokewa. Wenzako wamekupa ushauri mbaya. Hata hivyo, kabla ya hayo yote nataka tuutazame huo mkwaruzo, kwa sababu umenieleza kitu ambacho barua yako haikusema.

Umeandika kwamba ulitazama kioo, lakini hukusema kioo kipi. Kwenu Burundi mnaendesha upande wa kulia. Ukitaka kuingia kituo cha petroli kilicho upande wako, unapinda kulia, na pikipiki ya kujipenyeza kati yako na ukingo wa barabara utaiona kwenye kioo cha kulia. Umefanya hivyo miaka tisa, shingo na macho vimeshika. Hapa Kenya tunaendesha kushoto, ukingo uko kushoto, na tuktuk na bodaboda zinapita hukohuko. Nimefundisha udereva mjini hapa zaidi ya miaka ishirini, na kila anayetoka Burundi, Rwanda au Kongo namkuta na jambo hilihili: kichwa kinajua barabara imegeuka, macho bado. Mkwaruzo wa mlango wa nyuma wa kushoto wakati wa kupinda kushoto, mara nyingi sana ni huo.

Na kama gari lako la nyumbani lilikuwa la Kijapani lenye usukani kulia, kama yalivyo mengi huko, mambo yanazidi kuwa magumu. Kule ulikuwa unakaa karibu na ukingo, mtaro uko chini ya dirisha lako. Hapa umekaa upande wa katikati ya barabara, na ukingo uko ng'ambo ya kiti cha abiria, mbali na macho yako. Kuna kipande kikubwa nyuma kushoto ambacho kioo chochote hakikioni.

Basi kupinda kushoto kujifunze upya kama mtu asiyejua. Indiketa mapema, mita thelathini au zaidi kabla. Kisha, ukiona kwenye kioo cha kushoto hakuna mtu, sogea kushoto taratibu mpaka ukaribie ukingo. Tuktuk ina upana wa kama mita 1.3, ukijiachia mita moja na nusu upande wa kushoto umemfungulia mlango, naye ataingia. Ukiwa umeshaukaribia ukingo, atakupitia kulia au atasubiri. Halafu kabla ya kupinda, kioo cha ndani, kioo cha kushoto tena, na mwisho geuza shingo mwenyewe utazame nyuma ya bega la kushoto, maana bodaboda hupenya hata pale tuktuk isipotosha. Yule dereva naye alikosea kukupita kushoto huku indiketa yako inawaka. Lakini anayepinda ndiye wa kuhakikisha njia iko wazi, kwa hiyo mimi nisingegombana naye.

Sasa nafasi ya mbele. Hapa ndipo wageni wengi wanapoharibikiwa, na hata wenyeji. Unaona tuktuk ikiingia mbele yako unahisi umeibiwa. Hebu tupige hesabu. Unapomfuata mtu kwa nafasi ya sekunde mbili, kila gari linalokuingilia linakurudisha nyuma sekunde mbili hizo, basi. Wakikuchomekea thelathini kutoka Bamburi hadi Buxton, umechelewa dakika moja. Dakika moja, dada! Ukijaribu kuwazuia, utabana nyuma ya matatu kwa mita tatu nne. Kwa spidi ya kilomita 50 kwa saa gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde, na sekunde moja hivi hupita kabla mguu haujafika kwenye breki. Mita nne hazikufai kitu.

Kwa hiyo akiingia, mwache aingie. Toa mguu kwenye mafuta bila kukanyaga breki, nafasi ijirudishe yenyewe. Ukikanyaga breki kwa ghafla kila mara, wa nyuma yako hawezi kukusoma, na yeye ndiye atakayekugonga. Hizo sekunde mbili zihesabu kwa nguzo ya taa: gari la mbele likiipita, sema polepole "elfu moja na moja, elfu moja na mbili". Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, uko karibu mno. Mvua za kwanza za masika zikinyesha juu ya vumbi na mafuta ya barabarani, hesabu mpaka nne.

Kuhusu fulu: taa hiyo haina maana moja. Mmoja anapiga kukwambia "pita", mwingine "nakuja, usithubutu kuingia", na wa tatu anakuonya kuna polisi mbele. Usiitazame taa, tazama gari lenyewe. Anayekupisha kweli anapunguza mwendo, na pua ya gari lake inainama. Kama pua haijainama, huyo anakuja. Honi fupifupi za matatu na tuktuk nazo zisikukere. Mara nyingi anaita abiria aliye kando ya barabara, wala hana habari nawe.

Matatu inasomeka kwa makanga kuliko kwa indiketa. Makanga akining'inia mlangoni huku anatazama ukingoni, matatu inakaribia kusimama, hata kama si kwenye stegi. Akigonga bodi na kurukia ndani, inaondoka sasa hivi, na haitakusubiri. Mlango wa matatu hapa uko kushoto, abiria wanashukia upande wa ukingo, lakini wengi huzunguka mbele ya gari wavuke barabara. Ukiipita matatu iliyosimama Kongowea, tazama chini yake, kati ya magurudumu. Ukiona miguu inatembea kuelekea upande wako, simama.

Nikishataja kusimama, nina neno zito kidogo. Kuna mwanafunzi wangu, mtu mpole sana, aliyesimama karibu na Bombolulu kumpisha mama mmoja mwenye beseni la samaki kichwani. Akampungia mkono avuke. Mama akauamini ule mkono, na bodaboda ikatoka kushoto kwetu ikamgonga. Alivunjika mkono, na tunamshukuru Mungu kwamba ilikuwa mkono tu. Nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni na sikuwahi kusema neno. Tangu siku hiyo nawafundisha wote: simama ukitaka kumpisha mtu, lakini usimwambie kwa mkono kwamba njia ni salama, kwa sababu unachokijua ni leni yako peke yake. Mwache atazame mwenyewe.

Shimanzi utakutana na trela za bandarini kila siku. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12, na magurudumu ya nyuma ya trela hayapiti palipopita ya mbele; hukata kona kwa ndani. Ndiyo maana dereva anayetaka kupinda kushoto huanza kwa kujitanua kulia, na mgeni akiona pengo kushoto anadhani ameachiwa njia. Lile si pengo, ni mahali ambapo nyuma ya trela itafika baada ya sekunde chache. Usiingie kamwe. Na kama huvioni vioo vya dereva wa trela, naye hakuoni.

Kwenye mizunguko, kumbuka hapa magari huzunguka kama mshale wa saa na unampisha anayetoka kulia kwako. Askari akisimama katikati, fuata mkono wake hata kama taa inasema vingine.

Hatari yako kubwa iliyobaki haiko kwenye foleni, kwa sababu foleni inakuonyesha upande. Iko barabara ikiwa tupu: alfajiri unapotoka getini, unapoondoka kituo cha petroli, usiku ukiwa umechoka. Hapo ndipo mkono unarudi Bujumbura. Bandika kipande cha karatasi kwenye dashibodi kilichoandikwa KUSHOTO, na kabla ya kuondoka jiulize kama mstari wa katikati utakuwa upande wa usukani. Usipokuwa upande huo, umekosea njia.

Jumapili hii amka mapema, saa kumi na mbili na nusu, barabara zikiwa nyeupe. Mchukue mwenzako mmoja akae kiti cha kushoto, muende Bamburi hadi Shimanzi na kurudi, na mpinde kushoto mara ishirini kwenye vichochoro na vituo vya petroli. Kila mara sema kwa sauti kioo unachokitazama. Mwenzako kazi yake ni moja tu: kukwambia ukitaja cha kushoto huku macho yako yako kulia.