Usimalize kulipa kabla hujaiona pampu ikifanya kazi ruta ikiwa imechomolewa

Ndugu yangu wa Bamburi, simama hapo hapo. Umeandika kwamba ghorofa yako imefika hatua ya plasta, kuna kampuni imekuletea nukuu ya kulifanya jengo janja, na kwamba pampu ya maji, geti, taa za ngazi na viyoyozi vyote vitaendeshwa kwa simu kupitia intaneti. Ukauliza sensa gani ni bora, stima utaokoa kiasi gani, na kama utumie faiba au laini ya simu. Sensa ziache kwanza. Kilichonitoa usingizini ni ule mstari wako mmoja: hakuna haja ya kontrola, yaani kile kiboksi kinachoamua vifaa viwake au vizime, jengoni kwa sababu akili yote iko kwenye seva yao. Wallahi maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na nimeyalipia.

Jengo letu la familia liko Tudor, na maji ya Mombasa unayajua mwenyewe. Ya mfereji huja kwa zamu, siku nyingine hayaji kabisa, kwa hiyo maisha yetu yako kwenye tangi la chini. Yakija tunajaza, yasipokuja tunaita bauza, kisha pampu inayapandisha hadi matangi ya darini. Zamani kulikuwa na floti mbili, zile swichi zinazoelea juu ya maji. Tangi la juu likijaa, floti inazima pampu. La chini likikaribia kukauka, floti inazima pampu. Waya na swichi, basi, na kwa miaka hakuna aliyekumbuka kama zipo.

Wakaja hawa jamaa na sensa za kupima kina cha maji. Sensa zenyewe sizisemi vibaya, unaona kwenye simu tangi limebakisha asilimia ngapi. Lakini walipomaliza wakazikata floti. Nikauliza kwa nini, nikajibiwa hazina kazi tena, zitagongana na mfumo. Nilizikuta waya zake, buluu na kahawia, zimevirigishwa tepu nyeusi zikining'inia chini ya mfuniko wa tangi. Swichi ya mkono nayo wakaing'oa ukutani, eti sasa kila kitu ni simu.

Sasa fuatilia amri inavyosafiri. Sensa inasema maji yanakwisha. Habari inaingia kwenye ruta, inatoka Mombasa, inavuka bahari hadi seva iliyoko ng'ambo. Seva inaamua, kisha amri ya kuzima inarudi safari yote hiyo hadi kwa pampu iliyo hatua chache kutoka kwenye sensa yenyewe. Ni sawa na kumpigia shangazi yako aliyeko Oman akuambie kama wali unaungua jikoni kwako.

Intaneti ilikatika jioni, pampu ikiwa imewaka. Amri ya mwisho kuipata ilikuwa ya kuwaka, na nyingine haikuja. Ikavuta hadi tangi la chini likaisha, halafu ikavuta hewa. Pampu ya aina ile hupozwa na kulainishwa na maji yanayopita ndani yake; ikizunguka kavu, sili ya shafti inaungua, na ikikwama mota inafuata. Bawabu alisikia mlio umegeuka, unakwaruza, akatafuta pa kuzimia asipaone, mwisho akakata meni swichi ya jengo zima. Nilipofika chumba cha pampu kilikuwa kinanuka vanishi ya mota iliyoungua, na ule mwili wa chuma ulikuwa haushikiki.

Wapangaji wakakaa bila tone, mmoja wao mama mwenye mtoto mchanga ghorofa ya juu kabisa, vijana wakimpandishia madumu kwa ngazi. Hesabu mwenyewe: pampu mpya, bauza, fundi wa usiku kwa bei ya usiku, na kodi ambayo watu walikataa kuilipa yote, na walikuwa na haki yao. Nilipompigia yule kijana aliyetuuzia mfumo, akaniambia hilo si tatizo lao, nikazungumze na wanaonipa intaneti. Hapo ndipo damu inaponichemka hadi leo. Umekata kwa mkono wako kifaa cha bei ndogo kuliko vyote jengoni, kilichokuwa kinailinda mota, halafu unamsukumia lawama mtu wa intaneti? Fundi mwenye kujua kazi yake haufungi uhai wa pampu kwenye kitu kilicho nje ya geti.

Na asikudanganye mtu kwamba siku hizi intaneti haikatiki. Sisi tunaishi hapa hapa nyaya za baharini zinapotua. Seacom na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na Februari 2012 tu meli ikatia nanga nje ya bandari yetu ikaikata TEAMS. Mei 12, 2024 waya mwingine wa baharini, EASSy, na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, Afrika Mashariki nzima ikawa inaburura. Stima nayo: Agosti 25, 2023 karibu nchi yote ilikuwa gizani. Hata ikirudi, ruta inachukua muda kuamka, vifaa vinahangaika kuitafuta seva, na muda huo wote magari yamepanga foleni nje ya geti lako.

Tena kampuni yenyewe inaweza kukatika. Kule Marekani, Revolv, kifaa cha kuendeshea nyumba, kilinunuliwa na Nest mwaka 2014, na Mei 2016 huduma yake ikazimwa. Waliokinunua wakabaki na kiboksi kitupu. Aprili 2022 seva za Insteon zilizimika bila wateja kuambiwa neno. Kama hayo yamewapata wa huko, wewe unategemea nini kwa kampuni ambayo hata seva imekodi?

Kwa hiyo shika hili moja, mengine yote yatajipanga: kila kazi ya lazima ya jengo ifanyike ruta ikiwa imechomolewa. Maji yapande na yakome, geti lifunguke, taa za ngazi ziwake. Intaneti ije juu ya hapo, ikuonyeshe, ikuarifu, ikutunzie hesabu. Kwa kazi hiyo ni nzuri mno na siwezi kukunyima. Baada ya kujenga upya, sisi tuligundua bomba linalovuja kwa sababu simu ilionyesha pampu ikiwaka saa tisa za usiku, watu wote wamelala. Bila intaneti tungelipia maji yale bila kujua yanakokwenda.

Dai kontrola iwe ndani ya jengo, kwenye boksi lililofungwa sawasawa, maana chumvi ya Bamburi haichezi. Zetu za darini vichwa vya skrubu viligeuka kijani kabla hatujazizoea. Izungumze na pampu na sensa kwa waya, kwa lugha zilizo wazi: Modbus ipo tangu 1979, BACnet ni kiwango rasmi tangu 1995, na fundi yeyote mwingine akija kesho atazielewa. Waya wa RS-485, ambao hubeba lugha hizo, unaweza kufika kama mita 1200, ghorofa yako haina urefu huo. Ukitaka kuona kila kitu kwenye simu, kuna programu huria kama Home Assistant inayokaa kwenye kompyuta ndogo hapo hapo jengoni. Na floti zikate moja kwa moja stima ya koili ya kontakta, ile swichi ya sumaku inayowasha pampu, ili hata kontrola ikifa pampu isizunguke kavu.

Kamera nazo zisikae mtandao mmoja na pampu, na nywila za kiwandani zibadilishwe siku ile ile zinapofungwa. Mirai, programu ya wadukuzi ya 2016, ilizikamata kamera na ruta nyingi sana kwa nywila hizo hizo tu.

Mwite yule mtu wako, mkataba uandikwe upya. Floti na swichi za mkono haziguswi. Nywila zote za usimamizi unakabidhiwa wewe. Malipo ya mwisho yanatoka baada ya ruta kuchomolewa asubuhi hadi asubuhi ya pili, wewe na bawabu wako mkiwa hapo mnafungua mifereji na geti. Akianza kuzungukazunguka, piga picha nukuu yake, funika jina la kampuni, uiweke hapa tuisome mstari kwa mstari kabla shilingi yako haijatoka.